Siku nne, saa nyumbufu, zamu: nini hasa hubadilika ratiba ya kazi inapobadilishwa?

Mwaka 2021 ilienea habari kwamba Iceland imejaribu wiki ya kazi ya siku nne na imefanikiwa kupita matarajio. Jaribio lilikuwepo kweli, na mafanikio pia. Kisichokuwepo ni hizo siku nne. Kati ya 2015 na 2019, Jiji la Reykjavík na serikali ya nchi hiyo waliwapunguzia saa za kazi wafanyakazi zaidi ya 2,500, kutoka 40 kwa wiki hadi 35 au 36, bila kugusa mishahara. Wengi wao waliendelea kwenda kazini siku tano kama zamani, ila walitoka mapema.

Mwaka uliofuata Ubelgiji ilibadili sheria zake ili mfanyakazi wa muda wote aweze kuomba kumaliza wiki yake kwa siku nne. Vyombo vya habari vikaandika yaleyale: wiki ya siku nne. Lakini Ubelgiji haikupunguza hata saa moja. Kazi ya siku tano inasukumwa ndani ya siku nne, na kila siku inarefuka hadi kukaribia saa kumi.

Mfanyakazi wa Iceland aliongezewa muda wake mwenyewe. Wa Ubelgiji alipangiwa upya muda uleule. Hapo ndipo mazungumzo mengi kuhusu ratiba mbadala yanapokwama: mfanyakazi anaomba hiki, meneja anaelewa kile, na karatasi inayotiwa saini inasema jambo la tatu. Kwa hiyo ukitajiwa ratiba yoyote mpya, achana kwanza na jina lake na uulize mambo mawili. Jumla ya saa inapungua au zinahamishwa tu? Na mwenye kuzihamisha ni nani, mwajiri au mwajiriwa? Mshahara, ovataimu na likizo vinafuata majibu ya maswali hayo.

Ratiba ya kawaida si ya kale hivyo

Siku ya saa nane tumeizoea kiasi cha kuiona kama sheria ya maumbile. Robert Owen, aliyekuwa akiendesha viwanda vya pamba Scotland, ndiye aliyeanza kuipigia debe mwaka 1817: saa nane za kazi, nane za burudani, nane za kulala. Ilichukua karne nzima kabla wazo hilo kuingia kwenye sheria ya kimataifa, pale mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulipoweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Wiki ya siku tano na saa 40 ilipata nguvu baada ya Henry Ford kuianzisha katika viwanda vyake mwaka 1926.

Mkataba huohuo wa 1919 ulikuwa tayari na mlango wa pembeni. Pale sheria, desturi au makubaliano yaliporuhusu siku fulani kuwa fupi, siku nyingine za wiki ziliweza kurefushwa, mradi nyongeza isizidi saa moja kwa siku. Kwa hiyo wanaodai kwamba kuchezea saa za kazi ni mtindo wa kizazi cha intaneti wamechelewa miaka mia.

Saa nyumbufu, na daftari lake

Aina iliyo nyepesi kuliko zote ni ile ambayo mtu anafanya saa zote za siku, ila anachagua aanze na amalize lini. Ilipata umaarufu mwaka 1967 katika kampuni ya kutengeneza ndege ya Bölkow huko Ottobrunn, karibu na Munich. Tatizo lililokuwa likiwasumbua lilikuwa msongamano: maelfu ya watu walikuwa wakifika na kuondoka kwa dakika zilezile, barabara zinajaa, foleni inasimama kwenye mashine ya kugonga kadi. Walipoachiwa wachague saa ya kuingia, foleni zikapungua, na wazo likasambaa Ulaya.

Utaratibu wake wa kawaida ni huu. Kunakuwa na saa za lazima, tuseme kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ambapo kila mtu lazima awepo ili mikutano ifanyike na maswali yajibiwe. Nje ya hapo kuna ukanda wa hiari. Anayetaka kuingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 10 jioni, sawa. Anayepeleka watoto shule na kuanza saa 4 atatoka saa 1 usiku, sawa pia. Wote wawili wamefanya kazi saa nane na kupumzika saa moja.

Baadhi ya sehemu zinaenda mbali zaidi na kumruhusu mtu kuweka akiba: leo saa tisa, kesho saba, na daftari linabeba salio. Serikali kuu ya Marekani, iliyoanza kwa majaribio chini ya sheria ya mwaka 1978, inamruhusu mfanyakazi wa ratiba nyumbufu kubeba hadi saa 24 za akiba kutoka kipindi kimoja cha malipo kwenda kingine. Kikomo hicho kina sababu. Bila kikomo, mchapakazi anakusanya mlima wa saa asizopata nafasi ya kuzitumia, na siku akiacha kazi mwajiri anashtukia deni. Saa hizi za akiba, tofauti na ovataimu, mtu anaziweka kwa hiari yake mwenyewe. Bosi akikuamuru ubaki, hiyo ni ovataimu hata ikiandikwa kwenye daftari la akiba, na sijui mtego unaowanasa wafanyakazi wengi zaidi ya huo.

Saa za lazima nazo zichunguzwe. Kampuni inaweza kujisifu kwa ratiba nyumbufu huku saa zake za lazima ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Hapo kilichobaki cha kuchagua ni dakika za kunywa chai.

Wiki iliyobanwa: hesabu zinapoanza kuuma

Wiki iliyobanwa ndiyo hii ya Ubelgiji: saa hazipungui, siku ndizo zinapungua. Umbo lake maarufu ni siku nne za saa kumi. Lingine, linalopendwa sana na viwanda na ofisi za wahandisi Marekani, ni la wiki mbili: siku nane za saa tisa, siku moja ya saa nane, na siku ya kumi unapumzika. Jumla ni saa 80, sawa na mtu wa kawaida, lakini kila wiki ya pili Ijumaa ni yako.

Inapendeza mpaka ifike mezani kwa mhasibu wa mishahara. Sheria ya Marekani inadai ovataimu ilipwe mtu akivuka saa 40 kwa wiki. Katika ratiba hiyo ya wiki mbili, wiki ya kwanza ina saa 44 na ya pili 36. Ukihesabu hivyo, kila wiki ya kwanza kuna saa nne za ovataimu, na hakuna mwajiri atakayekubali. Ufumbuzi waliobuni ni wa kijanja: wiki ya kazi haianzi Jumatatu. Inaanza Ijumaa katikati ya siku. Ile Ijumaa ya saa nane inakatwa vipande viwili. Saa nne za asubuhi zinafunga wiki moja, saa nne za mchana zinafungua nyingine. Sasa kila wiki ina siku nne za saa tisa, yaani 36, na saa nne za Ijumaa: 40 kamili pande zote mbili.

Ujanja huo ni dhaifu kama kioo. Meneja akimwambia mtu, "Ijumaa hii njoo, utapumzika ijayo," amevunja hesabu nzima, maana asubuhi ya Ijumaa hiyo inaiongezea wiki iliyokwisha kamilika saa nne zaidi, na hizo ni za kulipiwa ovataimu. Mameneja wengi hawajui. Wanadhani wanabadilishana siku tu.

Sikukuu zina mgogoro wao. Chukua mfanyakazi wa siku nne za saa kumi katika kampuni ambayo sikukuu moja inalipwa kama saa nane. Sikukuu ikiangukia Jumatatu, siku yake ya kazi, amelipwa nane na anadaiwa mbili. Azitoe kwenye likizo? Azifidie Alhamisi? Asamehewe? Na ikiangukia Ijumaa, ambayo kwake ni mapumziko tayari, wenzake wamepata siku ya bure na yeye hakupata kitu, isipokuwa kama kanuni zinampa siku mbadala. Serikali hiyohiyo ya Marekani ina majibu mawili: aliye kwenye wiki iliyobanwa analipwa sikukuu kwa saa zote alizopangiwa siku ile, wakati aliye kwenye ratiba nyumbufu anahesabiwa saa nane tu, hata kama kwa kawaida hufanya kumi.

Likizo nayo ihesabiwe kwa saa. Siku 20 za likizo kwa mtu wa saa nane ni saa 160, yaani wiki nne. Kwa mtu wa saa kumi, saa 160 ni siku 16, na bado ni wiki nne. Haki imetendeka. Lakini ofisi ikiendelea kuandika "siku 20" bila kugeuza, huyu wa siku nne anapata wiki tano, na mwenzake wa meza ya jirani atakuja kugundua siku moja na hapo maneno yataanza.

Kwa sababu ya mambo kama haya, sheria nyingi haziruhusu wiki kubanwa kwa neno la mdomo. Ubelgiji inataka ombi la maandishi kutoka kwa mfanyakazi mwenyewe, na makubaliano yake hudumu miezi sita kisha yanahuishwa. California, ambako ovataimu huanza kuhesabiwa baada ya saa nane kwa siku, inataka theluthi mbili ya wafanyakazi wa kitengo waikubali ratiba ya siku za saa kumi kwa kura ya siri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaruhusu makubaliano ya maandishi ya kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, bila ovataimu, mradi siku zisizidi tano na saa zisizidi 45 kwa wiki. Njia zinatofautiana, hofu ni moja: kwamba mfanyakazi atapoteza malipo ya ovataimu akidhani amepewa zawadi.

Mwili nao una kauli yake. Saa ya kumi ya kazi hailingani na ya tatu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wauguzi wa hospitali Marekani ulionyesha kuwa uwezekano wa kufanya makosa hupanda sana zamu ikivuka saa 12. Kazi ya kuchapa barua inaweza kuvumilia saa ya kumi. Kazi ya kupima dawa au kuendesha mtambo isiachiwe hivihivi.

Na kuna umma unaohudumiwa. Jimbo la Utah liliwahamishia watumishi wake wengi kwenye siku nne za saa kumi mwaka 2008, kwa matumaini ya kuokoa umeme kwa kufunga majengo Ijumaa. Watumishi wengi waliipenda. Akiba ya umeme ikawa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, wananchi wakalalamika kukuta milango imefungwa, na mwaka 2011 utaratibu ukafutwa. Kosa halikuwa siku nne. Kosa lilikuwa kuwapumzisha wote siku moja, wakati ingewezekana kupokezana.

Saa zinapopungua kweli, kuna anayelipa

Kupunguza saa ni jambo la aina nyingine kabisa, kwa sababu linazua swali la fedha. Saa zilizoondoka zilikuwa na thamani. Thamani hiyo lazima itoke mahali.

Wakati mwingine inatoka kwa mfanyakazi. Volkswagen ilipokabiliwa na kupunguza watu karibu 30,000, ilikubaliana na chama cha wafanyakazi mwishoni mwa 1993 kwamba wiki ishuke hadi saa 28.8, na mapato ya mwaka yakashuka pamoja nayo. Watu walibaki na kazi, wakiwa na pesa pungufu. Kabla ya hapo, mwaka 1930, Kellogg, kampuni ya nafaka za kifungua kinywa kule Battle Creek, Marekani, ilikuwa imegeuza zamu tatu za saa nane kuwa zamu nne za saa sita ili wengine nao wapate ajira wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Baadhi ya idara ziling'ang'ania zamu hizo hadi 1985.

Wakati mwingine serikali inachangia. Ufaransa ilipokuwa ikishusha wiki ya kisheria kutoka saa 39 hadi 35, kwa sheria za 1998 na 2000, iliwapunguzia waajiri michango ya hifadhi ya jamii. Saa 35 hizo pia si ukomo. Ni mstari ambapo ovataimu inaanza. Wafaransa wengi bado hufanya zaidi, na wengine hufidiwa kwa siku za mapumziko ndani ya mwaka.

Au mwajiri anabahatisha kwamba kazi itafanyika ileile kwa muda mfupi zaidi. Hiyo ndiyo bahati nasibu ya Uingereza ya Juni hadi Desemba 2022: kampuni 61, wafanyakazi wapatao 2,900, mshahara asilimia 100, muda asilimia 80, na ahadi ya kutoa kazi kwa asilimia 100. Mwishoni, kampuni 56 zilisema zinaendelea. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini tusisahau kwamba kampuni zilijitolea zenyewe. Anayejitolea kujaribu kitu mara nyingi ameshaona ndani ya ofisi yake mikutano ya kufutwa na ripoti zisizosomwa na mtu. Zahanati yenye wagonjwa wanaofika kila saa haina mafuta ya namna hiyo ya kukata. Ikipunguza saa za wauguzi, itabidi iajiri wengine. Iceland ilikutana na jambo hilohilo, na serikali ililazimika kutenga fedha zaidi kwa ajili ya sekta ya afya.

Unyumbufu wa nani?

Sasa lile swali la pili. Kuna ratiba ambayo kwenye karatasi inaonekana huru kuliko zote: huna saa za kudumu, wiki hii saa 30, wiki ijayo nane, unaitwa unapohitajika. Ni mkataba wa saa sifuri. Mwanafunzi anayeweza kukataa zamu bila kuadhibiwa huenda akaufurahia. Kwa mama anayetafuta mtu wa kumwachia mtoto, na anayejua kwamba akikataa mara mbili simu haitaita tena, huo ni uhuru wa mwajiri peke yake. Gharama ya siku isiyo na wateja imehamishwa kutoka kwenye vitabu vya kampuni kwenda kwenye mfuko wake.

New Zealand ilibadili sheria mwaka 2016 kuzuia mikataba inayomtaka mtu awe tayari wakati wote bila kuhakikishiwa saa wala kulipwa kwa kusubiri. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha mwaka 2017 sheria inayowalazimisha waajiri wakubwa wa maduka, hoteli na migahawa kutoa ratiba mapema, kwanza siku saba kabla, baadaye 14, na kumlipa mfanyakazi fidia wakiibadilisha ghafla. Kwa wafanyakazi wa zamu, naona kujua mapema kuna thamani kubwa kuliko kuchagua. Mtu anaweza kuyapanga maisha yake kuzunguka zamu mbaya anayoijua. Hawezi kuyapanga kuzunguka ujumbe wa simu unaoingia usiku.

Hata saa nyumbufu za ofisini huingiliwa hivyohivyo. Mmoja anaanza kazi saa 1 asubuhi, mwingine anamaliza saa 2 usiku, na ujumbe unaruka kati yao siku nzima. Asiye makini anajikuta yuko kazini saa 13 bila kukaa kazini saa nane. Ndiyo maana Ufaransa, kuanzia 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana kuhusu haki ya kuzima simu na barua pepe, na Australia ikaweka haki ya kutojibu nje ya saa za kazi mwaka 2024.

Kuomba, na nini kiandikwe

Katika nchi kadhaa mfanyakazi ana haki ya kuomba ratiba mbadala. Uingereza ilianza mwaka 2003 na wazazi wa watoto wadogo, ikapanua kwa wafanyakazi wote waliofikisha wiki 26 kazini mwaka 2014, na tangu Aprili 2024 mtu anaweza kuomba kuanzia siku ya kwanza ya ajira, hadi mara mbili kwa mwaka. Singapore ilitoa mwongozo wake ulioanza kutumika Desemba 2024. Lakini haki ya kuomba si haki ya kupewa. Sheria ya Uingereza inataja sababu nane za kibiashara ambazo mwajiri anaweza kukatalia, zikiwemo gharama, ubora wa kazi, na kushindwa kugawa kazi kwa wengine.

Ombi linalokubaliwa mara nyingi ni lile lililokwisha jibu sababu hizo kabla hazijatajwa. Kuandika kwamba unataka muda zaidi na familia ni kweli na ni halali, ila meneja hawezi kuipangia kazi sentensi hiyo. Anachohitaji kuona ni siku gani na saa ngapi, nani atapokea simu za wateja Ijumaa, kazi gani itasogezwa hadi Alhamisi, na mtampata vipi kukiwa na dharura. Pendekeza kipindi cha majaribio, miezi mitatu kwa mfano, na mwelewane mapema mtapima nini mwishoni, maana bila kipimo uamuzi utategemea nani alikukosa ofisini siku gani. Andikeni pia njia ya kurudi: akitaka kusitisha mmoja wenu, atoe taarifa ya muda gani.

Halafu muulize mhasibu, siyo meneja, zile saa mbili za sikukuu zitatoka wapi. Jibu likiwa "tutaona", usitie saini bado.